Maneno Yetu Mbele ya Kifo



Kila Dominika, baada ya Komunyo, katika makanisa yetu ya Bukavu, kutoka Ibanda hata Kadutu na Bagira, husomwa matangazo. Yako matangazo ya ndoa, ya mikutano ya mashirika, ya mchango wa mabati; na mara nyingi mno yako matangazo ya vifo. Tusikilize vema haya ya mwisho. Mmoja "ametutoka". Mwingine "ameaga dunia". Wa tatu "amelala katika Bwana". Wa nne "ametangulia mbele ya haki". Wa tano "ameitwa na Baba". Ni nadra kusikia kwamba mtu amekufa. Mgeni asiyejua desturi yetu angeweza kudhani kwamba hapa Kivu watu huondoka, huaga, hulala, huitwa na kutangulia, lakini hawafi.

Mwenye kuhakiki kitabu hupima maneno ya mwandishi, akionyesha yaliyo mazuri na yaliyo mabaya. Leo napenda tuhakiki maneno yetu sisi wenyewe, yale tunayoyatumia mbele ya kifo. Kazi hii si ya mchezo. Neno lisilofaa katika habari ya ndoa linaweza kuchekesha tu. Lakini neno lisilofaa katika habari ya kifo linaweza kumnyima mgonjwa sakramenti, linaweza kumdanganya mjane, na linaweza kumfunika muuaji.

Nasema mapema ninayoyaona. Neno la upole ni jema likisimama kando ya neno la kweli. Ni baya likikalia kiti chake. Basi tupime misemo yetu kwa kipimo hicho, na kwanza tutazame majirani wa mbali, maana mtu huijua nyumba yake vizuri zaidi akiisha kuona za wengine.

Mataifa mengine husemaje?

Wahispania, wakiongea kwa mzaha juu ya mtu aliyekufa, husema "estirar la pata", yaani kunyoosha mguu. Waingereza mahali pale pale husema "kick the bucket", yaani kuipiga ndoo teke. Kamusi huweka misemo hii miwili pamoja, kana kwamba ni mapacha. Kwa haraka utakubali: katika yote miwili mguu umetikisika mara ya mwisho. Lakini tazameni zaidi. Kwa Kihispania "pata" ni mguu wa mnyama. Mguu wa mtu una jina lingine, "pierna". Na juu ya ile ndoo ya Waingereza, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni haya: katika sehemu fulani za nchi yao neno hilo lilikuwa pia jina la boriti ambayo nguruwe wa kuchinjwa alitundikwa juu yake, naye akaipiga mateke akikata roho. Ikiwa maelezo hayo ni sawa, misemo yote miwili imefanya jambo moja: imemgeuza mtu kuwa mnyama wa machinjioni, ili kifo chake kisituume.

Wahispania husema tena kwamba marehemu "anaotesha malva", ambayo ni maua madogo ya porini. Waingereza husema anasukuma maua juu kutoka chini ya udongo. Nao Wafaransa, watu wanaopenda meza nzuri, husema marehemu anakula "pissenlit" kuanzia mizizini. Na hilo ni jani ambalo kwao hutengenezwa saladi. Hapa tena mzaha ni mmoja, lakini kila taifa limechukua mmea wa shambani kwake. Misemo ya namna hii haipandwi katika udongo mwingine bila kunyauka. Mfasiri akituandikia kwamba mzee fulani "amepiga ndoo teke", msomaji wa Kadutu, ambako ndoo ya maji ni kitu cha thamani, atauliza kwanza kama maji yamemwagika.

Tena si kila jozi iliyowekwa pamoja katika kamusi ni jozi kweli. Wahispania wana msemo "pasar a mejor vida", kupita kwenda katika maisha bora. Waingereza husema "pass away", kupita na kwenda zake. Mfasiri akiweka mmoja badala ya mwingine, hakuna atakayemlaumu; na lakini jambo kubwa limepotea njiani. Msemo wa Kihispania ulizaliwa na imani: unasema mtu amekwenda wapi, ingawa leo wengi hutamka hivyo kwa utani, hata juu ya viatu vilivyochakaa. Msemo wa Kiingereza unasema tu kwamba mtu hayupo. Mmoja una mlango wa kuingilia, mwingine una mlango wa kutokea tu.

Kwa nini mataifa haya hufanya mzaha? Kwa sababu ya hofu. Anayepita makaburini usiku hupiga mluzi. Si kwamba anafurahi. Nasi hatupungukiwi na maneno ya namna hii. Waswahili wa pwani na wa bara wana msemo "kukata kamba": mtu amekata kamba, kama mbuzi aliyeponyoka mtini. Tazameni, mnyama amerudi tena! Lakini katika mataifa yote hayo mtu mwenye akili hatamki msemo wa namna hiyo mbele ya jeneza la mama yake. Kila lugha ina maneno ya baraza na maneno ya kaburini, na mwenye adabu hayachanganyi.

Watu wa Mexico, ambao nao husema Kihispania, wanastahili kutajwa peke yao. Wao humwita kifo kwa majina ya utani, kama vile "la Flaca", mwanamke mkondefu, na "la Pelona", mwanamke mwenye upara. Siku za 1 na 2 Novemba hununua mafuvu ya sukari yaliyoandikwa jina la mtu aliye hai, wakapeana kama zawadi. Mgeni hushtuka. Lakini siku zizo hizo huenda makaburini, husafisha makaburi, huweka maua na mishumaa, huwataja wafu wao kwa majina, na sikukuu yenyewe huiita waziwazi Siku ya Wafu. Mzaha wao ni mkali, lakini haukulikalia neno la kweli kiti. Kwa kipimo chetu wamefaulu.

Maneno yetu wenyewe

Sasa turudi nyumbani. Neno letu la kwanza ni "kufa". Ni neno fupi na la kale. Ndugu zake wamo katika Mashi, katika Kinyarwanda na katika lugha nyingine nyingi za majirani zetu. Kwa nini basi tunaliogopa? Nadhani sababu moja ni kwamba tumelitumia mno kwa vitu. Redio imekufa, motokari imekufa njiani, biashara imekufa. Tena mtu mwenye njaa kidogo tu husema "nakufa!" Neno likisha kuchoka hivyo, tunaona haya kulivalisha baba yetu. Ni adabu, nami siilaumu. Lakini dawa ya neno lililochoka ni kuacha kulitumia ovyo, si kulizika.

Neno la pili ni "kufariki". Hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kutengana. Ni neno la heshima na la kweli: roho imetengana na mwili, baba ametengana na watoto. Halificho kitu. Anayelisikia anajua kilichotokea, na linafaa mdomoni mwa katekista na mwa mtangazaji wa redio pia.

Neno la tatu ni "kuaga dunia". Lina uzuri wake. Mzee mwenye umri mkubwa amelala kitandani, amewaita wanawe, amewabariki, amegawa mashamba, amepokea sakramenti, kisha amefumba macho. Huyo kweli ameaga. Lakini kijana aliyepigwa risasi saa mbili ya usiku akirudi nyumbani kwake, alimwaga nani? Mama aliyefunikwa na udongo wa kilima kilichoporomoka kwa mvua, aliaga lini? Kusema kwamba hao "wameaga" ni kuwapa kifo ambacho hawakukipata. Ni kuwanyang'anya jambo la mwisho lililo lao, yaani ukweli wa namna walivyokufa.

Juu ya wafu wenyewe tunatumia neno "marehemu". Wengi hudhani ni cheo tu cha kutangulia jina. Kumbe ni sala. Limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mtu aliyerehemiwa. Kila tunaposema "marehemu baba" tunaomba, hata bila kujua, kwamba Mungu amwonee huruma. Ndugu zetu wa Tanzania, wakitaja watu wakubwa kama Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999, husema "hayati", na asili ya neno hilo ni "uhai". Wengine hushindana lipi ni bora. Mimi nashika "marehemu". Sifa za watu huwafikia wakubwa peke yao, lakini huruma ya Mungu inamhitaji kila mtu, gavana na mchuuzi wa soko la Kadutu vilevile.

Linganisheni na lugha nyingine. Wafaransa husema "défunt" na Wahispania "difunto": asili yake ni Kilatini, na maana yake ni mtu aliyekwisha kutimiza kazi yake. Hilo nalo ni neno zuri, kama kibarua anayeweka jembe chini jioni. Waingereza husema "late", ambalo katika lugha yao ni neno lilelile la mtu aliyechelewa! Na Wafaransa wana neno lingine, "feu", linaloandikwa na kutamkwa sawasawa na neno lao la moto. Hapa kwetu watoto wa shule wakisikia "feu" mbele ya jina la babu hutazamana na kucheka, ingawa maneno hayo mawili hayana undugu wowote. Nani kati yao wote amesema neno jema kuliko yule aliyesema "marehemu"?

Lakini neno linalonistaajabisha kuliko yote ni "kufiwa". Ni kitenzi kilekile "kufa", kimegeuzwa kidogo tu. Mama Mkristu wa Bagira akifa, wanawe "wamefiwa". Si yeye peke yake aliyepatwa na kifo. Kimewapata na wao. Kwa Kifaransa, ili kusema jambo hilo, hutafuta neno jingine kabisa. Sisi lugha yetu imetupa bure, katika neno moja, fundisho kwamba hakuna mtu afaye peke yake. Ndiyo maana tunakwenda kwenye kilio, tunakaa, tunalala huko, tunapika, tunachanga. Anayelifuta neno "kufa" katika kinywa chake anafuta na mzizi wa "kufiwa".

Kando ya kitanda cha mgonjwa

Mtu ataniuliza: "Katekista, huoni kwamba neno kali huumiza? Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walipotuma mjumbe kwa mtoto aliye mbali, hawakusema baba amekufa. Walisema, mgonjwa amezidiwa, njoo upesi." Ni kweli, na desturi hiyo naiheshimu. Ilikuwa kumhurumia mtu aliye njiani, asije akaanguka katika gari au akapotelea barabarani kwa uchungu. Lakini angalieni mwisho wake. Alipofika uani, mjomba au shangazi alimshika mkono, akamketisha, akamwambia ukweli. Upole ule ulikuwa na mwisho wake. Upole wetu wa siku hizi mara nyingi hauna mwisho.

Tazameni mambo kando ya kitanda. Mgonjwa amekonda, ameacha kula, yeye mwenyewe anajua. Lakini kila anayeingia humwambia: "Utapona, wiki ijayo utarudi kazini." Hakuna anayethubutu kumwuliza kama ana deni, kama ana ugomvi na ndugu, kama anataka kuungama. Mwisho mbio zinapigwa usiku kwenda kumwita padri, na padri akifika anakuta watu wanalia. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Nami naongeza kwamba mficha kifo humnyima mgonjwa saa zake za mwisho, zile ambazo angeweza kupatana na watu na kuagana nao kweli.

Kanisa lenyewe limetupa mfano wa jinsi jina linavyoweza kuua au kuponya. Zamani sakramenti ya wagonjwa iliitwa kwa Kilatini "extrema unctio", mpako wa mwisho. Jina hilo lilitia watu hofu. Padri alipoonekana mlangoni na mafuta, jamaa waliona kama hukumu imeletwa, wakamchelewesha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema yafaa zaidi iitwe Mpako wa Wagonjwa. Na mwaka 1972 Papa Paulo VI alithibitisha utaratibu mpya wake. Haimngojei mtu anayevuta pumzi ya mwisho. Ni ya mwamini aliyeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au kwa uzee.

Je, Kanisa lilificha kifo kwa jina la upole? Hapana. Liliondoa jina lililosema uongo, kwa sababu sakramenti hiyo haikuwa ya saa ya mwisho tu. Na kwa saa ya mwisho yenyewe Kanisa lina Komunyo yake, iitwayo kwa Kilatini "viaticum", maana yake posho ya safari. Neno hilo ni la upole, na lakini halidanganyi: hakuna anayepewa posho ya safari ila mtu anayesafiri.

Aliyeuawa hakututoka

Sasa nafika penye uzito. Katika nchi yetu watu wengi hawafi kwa ugonjwa wala kwa uzee. Wanauawa. Na hapo maneno yetu ya upole yanageuka kuwa kazi mbaya.

Tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliuawa hapa Bukavu. Siku mbili baadaye, tarehe 31 Oktoba 1996, Mabruda wanne wa Shirika la Wamaristi, Servando, Miguel Ángel, Fernando na Julio, waliuawa huko Bugobe, ambako walikuwa wakiwahudumia wakimbizi wa Rwanda. Wote wanne walikuwa Wahispania. Lugha yao ilikuwa na ule msemo wa kupita kwenda katika maisha bora, nasi kwa imani twatumaini kwamba ndivyo ilivyokuwa kwao. Lakini anayeandika habari zao akiishia hapo, ameandika nusu. Hakika kwanza waliuawa.

Lugha yetu ina neno la ajabu kwa watu wa namna hiyo: "shahidi". Ni neno moja kwa aliyekufa kwa ajili ya imani na kwa anayesimama mbele ya hakimu kusema alichokiona. Wagiriki nao walikuwa na neno moja kwa yote mawili. Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, Kanisa linamwita Bikira na Shahidi; halimwiti bikira aliyetutoka. Basi na sisi tunaobaki tumewekwa kuwa mashahidi. Shahidi gani huyo, akiulizwa na hakimu juu ya mtu aliyechinjwa, ajibu kwamba "alitangulia"?

Tarehe 24 Agosti 1998 huko Kasika na vijiji vya jirani, katika Mwenga, waliuawa watu zaidi ya elfu moja, kama ilivyoandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010. Kati yao alikuwamo mwami wao, pamoja na padri na watawa wa parokia. Kiswahili kina methali inayosema kifo cha wengi ni harusi. Najua maana yake: mzigo ukibebwa na wengi unakuwa mwepesi. Lakini nani ataitamka Kasika? Kuna methali ambazo mahali fulani zimekwisha kukanushwa na mambo yaliyotokea. Mhakiki mwaminifu hana budi kusema: methali hii isitamkwe tena juu ya makaburi ya watu waliouawa pamoja.

Uko na msemo mwingine, unaosikika kwenye kila kilio: "Kazi ya Mungu haina makosa." Mtoto amekufa kwa malaria kwa kuwa dawa haikupatikana: kazi ya Mungu haina makosa. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama katika Ziwa Kivu karibu na Kituku, Goma, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa maji mbele ya macho ya waliokuwa ufukoni. Je, kuijaza mashua kupita kipimo ni kazi ya Mungu? Ni kazi ya watu, na ina makosa. Msemo huo, ukitamkwa na mfiwa mwenyewe anayejikabidhi kwa Mungu, ni sala kubwa. Ukitamkwa na jirani ili mazungumzo yaishe, ni kumpa Mungu hatia ya mwenye mashua. Hapo upole haumfariji mtu ila mkosaji.

Bwana wetu alisemaje?

Msomaji atasema: "Lakini neno 'amelala' liko katika Injili yenyewe." Ndiyo, na ni vizuri tusome mpaka mwisho. Yohane, sura ya kumi na moja, anasimulia kwamba Yesu aliwaambia wanafunzi kuwa rafiki yao Lazaro amelala, naye anakwenda kumwamsha. Wanafunzi hawakuelewa. Walidhani ni usingizi wa kawaida, wakaona ni dalili njema kwa mgonjwa. Ndipo Bwana akawaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa.

Angalieni utaratibu huo. Neno la upole lilitangulia, kwa kuwa kwake yeye kifo ni usingizi kweli, anaweza kuamsha. Lakini alipoona kwamba upole umewapoteza watu, hakusita kulitamka neno lenyewe. Kisha alilia, ndipo akafika kaburini. Hakusema kazi ya Mungu haina makosa. Yote mawili yalisimama kando kwa kando: usingizi wa matumaini, na kifo cha kweli kilichomliza.

Wakristu wa kwanza walijifunza vema. Mahali pa kuzikia wafu wao walipaita kwa Kigiriki mahali pa kulala, na ndiko lilikotoka neno la Wafaransa "cimetière" na la Wahispania "cementerio". Siku ambayo shahidi aliuawa waliiita siku ya kuzaliwa kwake. Hata hivyo waliandika pia aliuawa wapi, siku gani, na kwa amri ya nani. Matumaini yao hayakuhitaji kufuta habari.

Basi tuandikeje?

Sisemi tuache maneno ya upole. Nasema tuyape kiti chake. Katika shirika lenu, mnapoandika tangazo la kifo, fanyeni hivi. Kwanza semeni kilichotokea kwa neno lililo wazi: amekufa, amefariki, ameuawa, amekufa maji. Pili semeni siku na mahali, na sababu ikiwa inajulikana na jamaa wamekubali. Tatu tajeni wafiwa, maana kifo kimewapata na wao. Nne leteni maneno ya imani, nayo yatasikika kwa nguvu zaidi kwa kuwa yanasimama juu ya kweli.

Kwa mfano: "Mama yetu, Mkristu wa shirika letu, ameuawa usiku wa Jumatano nyumbani kwake. Ameacha watoto sita. Waliomwua hawajakamatwa. Tunaamini Kristu atamfufua. Misa ya kumwombea marehemu ni Jumamosi saa tatu ya asubuhi. Kilio kiko nyumbani kwa dada yake." Tangazo kama hilo si kali. Anayelisikia anajua la kusali, anajua pa kwenda, anajua watoto wangapi wanahitaji chakula, na anajua kwamba haki bado inadaiwa.

Novemba, tunapowakumbuka marehemu wote na kwenda kung'oa majani penye makaburi yao, tuwasomee watoto majina yaliyoandikwa kwenye misalaba. Watoto wakiuliza kwa nini babu yuko chini ya udongo, tusiwaambie kwamba amesafiri, maana watamngoja arudi. Tuwaambie kwamba amekufa, kwamba tumefiwa, na kwamba tunangoja kuonana naye siku ya ufufuko.